Jina la folda si ushahidi wa aina ya prosesa
Wengi huamini kwamba programu ya Windows iliyomo katika folda ya "Program Files (x86)" lazima iwe ya biti 32. Sivyo, kwa sababu folda huchaguliwa na kisakinishi, nacho chaweza kuweka faili popote. Ushahidi umo ndani ya faili lenyewe la programu (.exe): ukilifungua kwa kihariri cha heksadesimali (programu inayoonyesha kila baiti ya faili kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F), utakuta herufi PE, alama ya faili za programu za Windows, zikifuatwa na baiti mbili za sifuri, kisha baiti mbili zinazotaja prosesa, yaani 64 86 kwa x64 (prosesa za biti 64 za aina ya Intel na AMD), 4C 01 kwa x86 ya biti 32, na 64 AA kwa ARM64 (prosesa za ARM za biti 64). Mpangilio huo uzingatiwe sana, kwani baiti yenye thamani ndogo hutangulia, na anayetafuta 86 64 kama inavyoandikwa katika maelezo rasmi hataiona. Kwenye Linux, amri iitwayo "file" hutoa jibu papo hapo.