Hiyo "presha ya kushuka" umeipima mkono gani?

Chumvi tena! Barua nyingine ya rufaa: binti wa miaka 24, "presha ya kushuka", mkono wa kushoto 80/50, ameshauriwa aongeze chumvi na soda. Mguuni presha yake ni 190.

Kijana anayechoka mkono akifua au akisuka nywele, usimbandike jina la presha ya kushuka kabla hujagusa mapigo ya mikono yote miwili. Ugonjwa wa Takayasu hushambulia kuta za aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na matawi yake. Ateri inayopita chini ya mtulinga ikibana, mashine inapima kile kidogo kilichopenya, wala si nguvu inayotoka moyoni. Huku nyuma ateri ya figo nayo imebana. Figo inadhani damu imepungua, inamwaga renini, kichocheo cha kupandisha presha, na presha ya kweli inapanda huko kwenye aota ambako hakuna aliyeipima. Juu ya hapo, chumvi! Ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenye aota, inanenepa, mwanzo wa aota unatanuka, vali inavuja, na mwishowe tunaandika "moyo mkubwa" kana kwamba umekua wenyewe. Midomo ya ateri za koronari, zinazolisha moyo wenyewe, nayo huweza kubana katika umri huohuo, na maumivu ya kifua yakatibiwa kama vidonda vya tumbo.

Basi pima mikono yote. Tofauti ikizidi 10, pima na miguu, kisha sikiliza mvumo wa damu inayopita kwa shida chini ya mtulinga na tumboni. Mikono yote ikiwa imebana hakutakuwa na tofauti yoyote, kwa hiyo miguu usiiruke. Na tafadhali, "si idara yangu" sitaki kuisikia: Takayasu mwenyewe, mwaka 1908 huko Japani, alikuwa daktari wa macho.

Mashaka ninayo, tena kwenye ESR, kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini. Ikishuka sote tunashangilia, lakini vipande vya ateri vilivyotolewa kwenye upasuaji vimeonyesha uvimbe hai kwa watu walioonekana wametulia. Kwa hiyo nikipunguza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo, narudia picha za mishipa, na hata hapo nakisia: ukuta mnene waweza kuwa uvimbe ungali unawaka au kovu tu. Aota ya tumbo ikibana, hata mguu unadanganya. Inabaki katheta pekee, mrija unaoingizwa hadi ndani ya aota kupima presha, na kwetu si kila hospitali inayo. Hapo naangalia unene wa ventrikali kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na pia retina ya nyuma ya jicho, nikijua kwamba vinanionyesha madhara yaliyokwisha kutokea.