Kabla ya fizikia, wananchi huuliza nani anasimamia

Mtambo wa nyuklia uliopendekezwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, ulizua mjadala mkali Pwani nzima, na Mei 2024 wakazi waliandamana kuupinga. Hapa Mombasa nao ulizungumzwa sana. Wataalamu wengi walijibu kwa michoro ya kinu cha nyuklia, wakiamini kwamba mtu akielewa atakubali. Mimi nafundisha mawasiliano ya sayansi, na nasema dawa hiyo haiponyi, kwa sababu ugonjwa si huo.

Mwananchi hana maabara. Anachoweza kukipima ni mwenendo wa wanaomwahidi usalama. Na Mombasa tuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya madini ya risasi mtaani, ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza kudai haki, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama ikaziangukia pia taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda wakazi. Ukimwambia mtu aliyeyaona hayo kwamba sheria ipo, hatakuamini, na ana haki.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Paul Slovic alieleza jinsi shughuli na teknolojia 30 zilivyopangwa huko Marekani, kuanzia iliyoonekana ya hatari zaidi. Kundi moja la raia liliweka umeme wa nyuklia nafasi ya 1. Wataalamu, ya 20. Ila eksirei wataalamu waliiweka ya 7, raia wakaiteremsha hadi ya 22. Kote ni mionzi! Lakini eksirei unaiendea kwa hiari, ukiwa na daktari, na faida unaiona siku ile ile. Nyuklia huletewa, huioni, na likitokea la kutokea huna pa kukimbilia.

Hofu nayo hupotea njia. Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa vinasaba, Novemba 2012, muda mfupi baada ya utafiti uliofanywa Ufaransa kudai kwamba chakula cha aina hiyo kiliwadhuru panya. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013, ila marufuku ilidumu hadi Oktoba 2022.

Kwa hiyo anayepeleka teknolojia kijijini, iwe Uyombo au kwingineko, aende na majibu haya kabla ya eneo kuchaguliwa: nani atapima maji ya bahari, taka zitawekwa wapi, nani atalipa mvuvi akipata hasara, na wakazi watayasoma wapi matokeo ya vipimo bila kumwomba mtu ruhusa.