Kikomo cha kurudi wima: namba ya kuijua kabla ya kuipenda mashua ya safari

Chombo cha tanga kikilazwa na upepo hupambana kurudi wima, lakini mapambano hayo yana mwisho. Kuna pembe ambayo chombo kikiipita, maji yaleyale yaliyokuwa yakikiinua huanza kukipindua. Pembe hiyo ndiyo kikomo cha kurudi wima. Hupimwa kwa nyuzi: sifuri ni mlingoti ukiwa umesimama, 90 ni mlingoti ukilala juu ya maji, na 180 ni mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukitazama mbingu.

Wanunuzi wengi hupima uthabiti wa mashua gatini. Hupanda, hukanyaga ukingo mmoja, na isipoyumba husema hii imetulia. Kipimo hicho kinaeleza nyuzi chache za mwanzo tu. Mashua inayotulia kabisa gatini inaweza kuwa ndiyo itakayokaa kichwa chini baharini, na ndiyo maana naona namba hii inastahili kuulizwa kabla ya bei.

Nguvu zinazoshindana ni mbili. Uzito wa chombo chote, tangu madini mazito ya risasi yaliyo chini hadi kamba ya kileleni, hushuka kupitia nukta moja, yaani kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma juu kupitia kitovu cha sehemu iliyozama. Chombo kikiwa wima, vitovu hivyo viko kwenye mstari mmoja. Kikilala, umbo la sehemu iliyozama hubadilika na kitovu chake huhamia upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, ilhali kitovu cha uzito hakihami, mradi hakuna kitu kilichoporomoka ndani. Umbali wa mlalo kati ya mistari hiyo miwili ndio mkono unaokirudisha chombo. Mkono huu hurefuka, hufika kilele, hupungua, na kwenye kikomo huwa sifuri. Kuanzia hapo hukivuta chombo kuelekea kubinuka.

Mkono huo hutokana na mambo mawili, upana na farumi, yaani uzito unaowekwa chini ili kukituliza chombo, na hayafanyi kazi kwa wakati mmoja. Upana huwahi: mashua pana ikiinama kidogo tu, ubavu wake wa demani huzama na kuizuia. Farumi huchelewa. Risasi iliyo chini ya mkuku haina msaada mkubwa katika nyuzi kumi za kwanza, lakini mlingoti unapogusa maji, uzito ule huwa umenyooka pembeni na unavuta kwa nguvu zake zote.

Ngalawa yetu ni mfano wa upana bila farumi. Ndubi zake zimewekwa mbali na mtumbwi, na upepo ukizidi mvuvi hupanda upande wa joshi, unakotoka upepo, kuongeza uzito. Hutulia vizuri mno, lakini ikishabinuka hubaki imebinuka hadi watu waigeuze kwa mikono. Kwa ngalawa hilo linawezekana, kwani ni mti mwepesi na watu wako nje. Kwa mashua ya tani nne yenye watu waliofungiwa ndani ya chumba, hakuna mkono utakaoigeuza. Lazima irudi yenyewe.

Mashua ninayoipenda kwa kuelezea jambo hili ni Contessa 32 ya Uingereza. Ilichorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers huko Lymington kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, na zimeundwa zaidi ya 700. Urefu wake ni mita 9.75, lakini urefu wa mstari wa maji ni mita 7.3 tu, kwa hiyo mwendo wake hufikia ukomo karibu noti 6.5, yaani maili 6.5 za baharini kwa saa. Upana ni mita 2.9. Kina chake chini ya maji ni mita 1.68. Ina uzito wa kilo 4,300 hivi, na katika hizo zaidi ya kilo 2,000 ni farumi, yaani karibu nusu ya chombo chote iko chini. Kikomo chake ni takriban nyuzi 155.

Agosti 1979 namba hiyo ilipata maana. Katika mashindano ya Fastnet, kutoka Cowes hadi mwamba wa Fastnet kusini mwa Ireland na kurudi Plymouth, vyombo 303 vilianza safari na dhoruba kali ikavikuta kati ya Uingereza na Ireland. Mabaharia 15 wa mashindano hayo walikufa, vyombo 24 viliachwa na watu wake, vitano vikazama. Daraja la vyombo vidogo lilikuwa na vyombo 58. Kilichomaliza ni kimoja, Contessa 32 iitwayo Assent, ikiongozwa na Alan Ker. Baadaye baba yake, Willy Ker, aliisafirisha mashua hiyohiyo hadi Greenland na Antaktika.

Uchunguzi uliofuata uliilinganisha Contessa na Grimalkin, mashua ya mashindano ya futi 30 iliyochorwa na Ron Holland, ambayo ilipinduka katika dhoruba ile na kukaa kichwa chini kwa dakika kadhaa. Kikomo cha Grimalkin kilikuwa karibu nyuzi 117. Fikiria maana yake. Chombo chenye kikomo cha 155 kikiwa kimebinuka kabisa, kinahitaji kusukumwa nyuzi 25 tu upande wowote ili kianze kurudi, na wimbi linalofuata linaweza kufanya kazi hiyo. Chenye 117 kinahitaji nyuzi 63. Wakati huo watu wanasubiri gizani, maji yakiingia.

Kikomo kikubwa hakizuii kupinduliwa, na hapa watu huchanganya. Majaribio ya mifano midogo kwenye matangi ya maji, yaliyofanywa Uingereza baada ya 1979, yalionyesha kwamba wimbi linalovunjika likipiga ubavuni likiwa na kimo cha kama asilimia 30 ya urefu wa chombo linaweza kukipindua, na likifika asilimia 60 karibu hakuna mashua ya kawaida inayopona. Kwa Contessa hizo ni kama mita 3 na mita 6. Kikomo kinahusu kinachotokea baada ya pigo.

Uimara huo una gharama. Contessa huinama haraka upepo unapoanza tu, ndipo hukaza. Ukingo wake uko chini, kwa hiyo hulowesha watu wake. Chumba ni chembamba, na aliyezoea mashua za leo atakiona kidogo sana. Mimi ningekubali kulowa, ila anayesafiri kwa ukaribu na pwani na kulala bandarini kila usiku ana haki ya kuchagua upana.

Kanuni za sasa za kimataifa, ISO 12217, hudai kwa daraja A, yaani la bahari kuu, kikomo cha nyuzi 130 ukitoa 0.002 kwa kila kilo ya chombo, bila kushuka chini ya 100. Kwa chombo chenye uzito wa Contessa jibu ni kama nyuzi 121.

Namba iliyoandikwa kwenye karatasi hupungua mikononi mwa mwenye mashua. Rada iliyofungwa juu mlingotini, tanga la kujikunja ndani ya mlingoti, na kihori kilicholazwa sitahani vyote hupandisha kitovu cha uzito. Mlango wa chumba ukiwa wazi, maji yataingia kabla mashua haijafika kikomo chake. Betri, nanga na mapipa ya maji visivyofungwa huporomokea upande uliolala, na hapo hesabu yote ya mchoraji inakuwa ya chombo kingine.