Jinsi virusi vya RNA yenye nyuzi mbili vinavyozaliana ndani ya seli

Katika hali ya kawaida, seli ya binadamu haiachi RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya urithi) iliyo ndefu na yenye nyuzi mbili izagae katika saitoplazimu yake, yaani ujiuji unaozunguka kiini cha seli. RNA mjumbe, ambayo ribosomu huisoma ili kutengeneza protini, ina uzi mmoja tu. Kwa sababu hiyo, protini za ulinzi kama vile MDA5 na RIG-I zikikutana na nyuzi mbili zilizopachana, huitambua RNA hiyo kuwa ya mvamizi na kuichochea seli itoe interferoni, yaani protini za kutahadharisha mwili dhidi ya virusi, huku protini nyingine iitwayo PKR ikisimamisha kazi ya kutengeneza protini.

Hata hivyo, lipo kundi zima la virusi ambalo jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi, ni RNA ya namna hiyohiyo. Humo wamo rotavirusi, wanaosababisha kuhara kukali kwa watoto wadogo, virusi vya ugonjwa wa ulimi wa buluu wa kondoo na ng'ombe, na virusi vya ugonjwa wa gumboro wa kuku. Kwa wengi wao, siri ya kuendelea kuwapo ni kwamba jenomu haitoki kamwe ndani ya ganda la protini tangu kirusi kinapoingia katika seli hadi vizazi vyake vinapotoka.

Rotavirusi ndiye mfano uliochunguzwa zaidi. Jenomu yake ina vipande 11, na chembe yake ina matabaka matatu ya protini. Baada ya kuingia katika seli za utumbo mwembamba, tabaka la nje hubanduka kutokana na upungufu wa kalsiamu ndani ya kifuko kilichokimeza kirusi. Chembe inayobaki, yenye matabaka mawili, haiendelei kuvunjika, bali huwa mtambo unaofanya kazi.

Hapa pana kikwazo ambacho mara nyingi hupitwa haraka katika maelezo ya kawaida: ribosomu haiwezi kusoma nyuzi mbili zilizopachana, wala seli ya binadamu haina kimeng'enya cha kunakili jenomu ndefu ya RNA ya namna hii. Ndiyo maana kirusi huja na kimeng'enya chake, polimerasi iitwayo VP1, kikiwa tayari ndani ya ganda. Kimeng'enya hicho husoma uzi mmoja wa kila kipande na kutoa nakala za RNA mjumbe, ambazo VP3, kimeng'enya kingine cha kirusi, huzivika kofia ya kemikali inayofanana na ile ya RNA za seli. Nakala hizo husukumwa nje kupitia vijia vyembamba vya ganda, ilhali nyuzi mbili za asili hubaki ndani.

Ribosomu za seli huzipokea nakala hizo na kutengeneza protini za kirusi. Mbili kati yake, NSP2 na NSP5, hukusanyika katika saitoplazimu na kuunda viroplazimu, ambayo ni karakana ya kuundia chembe mpya. Humo, nakala za uzi mmoja hufungashwa katika ganda changa, na uzi wa pili hutengenezwa wakati wa ufungashaji huo, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la ajabu kuliko yote katika mzunguko huu. Kila chembe hupata kipande kimoja cha kila aina, ingawa mpangilio kamili wa uteuzi huo bado unachunguzwa. Chembe changa kisha huingia katika mtandao wa endoplazimu, yaani mfumo wa vijia vya utando ndani ya seli, kwa msaada wa protini nyingine ya kirusi, NSP4, ambako hukamilishiwa tabaka la nje.

Kugawanyika kwa jenomu katika vipande kuna athari nyingine. Aina mbili za rotavirusi zikiambukiza seli moja kwa wakati mmoja, vipande vyake vinaweza kuchanganyika na kuzaa aina yenye sifa za pande zote mbili. Uwezo huo umetumika hata katika kutengeneza chanjo: mojawapo ya chanjo za rota zilizoidhinishwa mwaka 2006 ina virusi vilivyochanganywa kutoka kwa ng'ombe na binadamu. Chanjo hizo hutolewa kwa matone mdomoni, kwa kuwa virusi vilivyodhoofishwa vinapaswa kufika utumboni na kuzaliana humo kwa kiasi kinachotosha kuifundisha kinga ya mwili bila kuleta ugonjwa.