Saruji ya jenerali: dhana potofu kuhusu wanajeshi na mafuta ya Nigeria

Tangu wanajeshi washike madaraka Mali, Burkina Faso, Niger na Gabon, msemo wa zamani umerudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: raia wanakula tu, mpeni mwanajeshi ainyooshe nchi. Hatuna haja ya kubashiri matokeo yake. Nigeria ilitawaliwa na majenerali kwa karibu miaka 29 kati ya 1966 na 1999, na humo humo ndimo fedha za mafuta zilipofurika. Jaribio limeshafanyika, tena kwa fedha taslimu.

Dhana: Mwanajeshi anaamua haraka, na nchi inasonga.

Kuamua haraka waliamua. Nendeni bandari ya Lagos mwaka 1975 mkaone.

Baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne kwa miezi michache. Serikali ya Jenerali Yakubu Gowon, iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Biafra karibu miaka minne tu nyuma, ikajikuta na fedha ambazo haikuwahi kuziota. Mpaka leo Gowon anahusishwa na kauli kwamba tatizo la Nigeria halikuwa fedha bali namna ya kuzitumia. Basi zikatumika. Iliagizwa saruji, takriban tani milioni 20, na kati ya hizo milioni 16 ziliagizwa na Wizara ya Ulinzi. Bandari ya Lagos ilikuwa na uwezo wa kupakua saruji tani milioni moja hivi kwa mwaka.

Rudia kuzisoma hizo namba mbili. Karani yeyote wa bandari angeuliza: itashukia wapi? Lakini amri ikishuka kutoka juu, nani amuulize jenerali?

Zikaja meli zaidi ya 400 na kutia nanga nje ya Lagos, nyingi zimebeba saruji. Kwa mujibu wa mikataba, kila siku ambayo meli ilikaa bila kupakuliwa ililipwa. Wenye meli kuukuu waligundua kwamba kusubiri Lagos kunalipa kuliko kusafiri, wakazileta kwa makusudi. Saruji nayo haijui kusubiri: unyevu wa bahari ukiingia, mfuko unakuwa jiwe.

Gowon alipinduliwa tarehe 29 Julai 1975 akiwa Kampala, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliokuwa chini ya uenyeji wa Idi Amin. Waliomrithi wakajaribu kuzuia malipo, na kesi zikawafuata mpaka Ulaya na Marekani. Kampuni moja ya Uswisi, Trendtex, iliyouza tani 240,000 kwa ajili ya kambi za jeshi, iliishtaki Benki Kuu ya Nigeria. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaamua kwamba benki hiyo haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya kutoshtakiwa inayopewa serikali za kigeni. Wanafunzi wa sheria wanaisoma hukumu hiyo hadi leo. Ni mchango wa aina yake kwa sheria za kimataifa, ingawa hakuna aliyeukusudia.

Dhana: Hawakujenga kitu, waliiba tu.

Hapa wapinzani wa wanajeshi nao wanatia chumvi. Viwanda vya kusafisha mafuta vya Warri na Kaduna ni matunda ya miaka ya 1970, na kiwanda cha pili cha Port Harcourt kilifunguliwa 1989. Vyuo vikuu viliongezwa. Mwaka 1976 ilianzishwa elimu ya msingi bila ada kwa nchi nzima, na watoto waliojitokeza wakazidi makadirio, hata walimu na madarasa yakawa hayatoshi. Daraja refu la Third Mainland la Lagos lilikamilika 1990. Abuja yenyewe ilizaliwa kwa amri ya kijeshi ya Februari 1976.

Kujenga hakukuwashinda. Kilichowashinda ni kile kisichokatiwa utepe: vipuri, matengenezo, fundi anayelipwa mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana nchi inayouza mafuta ghafi kwa mamilioni ya mapipa iliishia kuagiza petroli nje, na chini ya Jenerali Sani Abacha miaka ya 1990 foleni kwenye vituo vya mafuta zilikuwa habari ya kila siku.

Dhana: Mwizi alikuwa Abacha, wengine walikuwa afadhali.

Sani Abacha, aliyetawala kuanzia Novemba 1993 hadi alipofariki Juni 1998, aliiba, tena kwa magunia. Fedha zilitolewa Benki Kuu kwa kisingizio cha usalama wa taifa zikaishia kwenye akaunti za nje. Uswisi, Jersey na nchi nyingine zimekuwa zikizirudisha kidogo kidogo. Zile dola milioni 322 kutoka Uswisi, kwa mfano, zilikubaliwa kurudishwa mwaka 2017.

Ila njia hiyo ya kuzitoa fedha mlango wa nyuma aliikuta. Mwaka 1994, huyo huyo Abacha (historia ina mzaha wake) alimpa mwanauchumi Pius Okigbo kazi ya kuchunguza Benki Kuu. Okigbo akakuta kwamba tangu 1988 dola bilioni 12.4 zilikuwa zimepitia akaunti maalumu nje ya bajeti, zikiwemo fedha za bei iliyopaa wakati wa vita vya Ghuba, na karibu zote zilikuwa zimeshatumika kwa idhini ya watu wachache mno. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ni ya Jenerali Ibrahim Babangida, aliyetawala hadi 1993. Ripoti ilikabidhiwa, na hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Dhana: Mafuta ndiyo yaliyoua kilimo.

Nusu kweli. Kano ilikuwa na piramidi za magunia ya karanga zilizopigwa picha kwenye kadi za posta, kisha zikatoweka. Lakini ukame wa Sahel wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulichangia, na ugonjwa wa karanga wa 1975 pia. Kulikuwa na bodi za mazao zilizokuwa zikimkata mkulima bei tangu ukoloni, habari ambayo aliyekulia kwenye kahawa au pamba huku kwetu hahitaji kuelezwa. Kilicholetwa na mafuta ni naira yenye nguvu kupita kiasi: mchele na ngano kutoka nje vikawa rahisi kuliko chakula cha shambani, na vijana wakakimbilia mjini kwenye zege. Ilipofika 1976 serikali ikaanzisha kampeni ya kuhimiza kila mtu alime. Naira ikaachwa vile vile.

Dhana: Gaddafi aliweza, kwa hiyo tatizo ni Wanigeria.

Mwaka 1970 Libya ilitoa zaidi ya mapipa milioni tatu kwa siku, na watu wake walikuwa kama milioni mbili. Nigeria haijawahi kufikia hata mapipa milioni tatu, na watu wake wakati huo walikuwa makumi ya milioni. Gaddafi aliyabana makampuni ya mafuta kwa ustadi, hilo tumpe. Sisi wa Afrika Mashariki tunakumbuka pia matumizi mengine ya fedha hizo: Machi 1979, Lukaya nchini Uganda, askari wa Libya wakipigana upande wa Amin dhidi ya Watanzania.

Dhana: Utawala wa kijeshi uliisha 1999, yaliyobaki ni ya raia.

Kwangu hii ndiyo dhana nzito kuliko zote. Katiba ya uhuru iliyapa maeneo yenye madini nusu ya mapato yake. Mwaka 1969, vita vya Biafra vikiendelea, amri ya kijeshi iliyafanya mafuta yote kuwa mali ya serikali kuu. Mgawo ukapunguzwa hadi 45%, kisha ukaendelea kuporomoka. Mwaka 1992 waliozungukwa na mabomba walitengewa 3%. Wakati huo mwandishi Ken Saro-Wiwa na watu wake Waogoni, wenyeji wa eneo lenye mafuta, walikuwa wameshaanza kudai sehemu yao na kulalamikia mito iliyotapakaa mafuta. Tarehe 10 Novemba 1995 yeye na wenzake wanane walinyongwa na serikali ya Abacha huko Port Harcourt.

Sambamba na hayo, majenerali waliikata nchi vipande. Mikoa minne ikawa majimbo 12 mwaka 1967, 19 mwaka 1976, 21, 30, hatimaye 36 mwaka 1996. Kila jimbo lilikuja na gavana, makatibu na magari yake, na mengi hayakuwa na chanzo cha mapato cha kutosha zaidi ya mgawo kutoka serikali kuu. Kila mwezi wawakilishi wa majimbo hukutana Abuja kugawana. Gavana anayeishi kwa hundi ya Abuja hana haraka ya kumtafuta mlipakodi wa kwake, na mlipakodi naye hana risiti ya kumuulizia.

Mfumo huo haukuvunjwa. Katiba inayotumika sasa ilitangazwa kwa amri ya Jenerali Abdulsalami Abubakar Mei 1999, ikayapa maeneo yenye mafuta angalau 13%. Rais wa kwanza kuongoza chini yake alikuwa Olusegun Obasanjo, jenerali mstaafu. Mwaka 2015 akachaguliwa Muhammadu Buhari, jenerali mwingine, ambaye miaka ya 1970 ndiye aliyesimamia mafuta katika serikali ya kijeshi ya Obasanjo. Wote wawili walipoingia Ikulu kwa kura, wizara ya mafuta waliishika wenyewe.