Mbwa wa kazi akistaafu, bili ni ya nani?

Kama washapanda treni ya SGR pale Miritini, Mombasa, basi wajua ile mambo, mwapanga mabegi chini kwa laini, mwaambiwa msogee nyuma, halafu mbwa anapita ananusa moja moja. Wengi hapo twaomba tu asije akagusa nguo, basi. Lakini yule ni mfanyakazi, na atazeeka, na kuzeeka kwake ni mbio kuliko kwako wewe, manake mbwa wa kazi huanza akiwa na mwaka na nusu ama miwili hivi na akifika minane tisa, akijaliwa kumi, mwili ushakataa. Halafu anaenda wapi? Hilo swali tunaletewa sana hapa kituoni kwetu tunapotibu wanyama, na majibu yanayozunguka mtaani mengine yanatisha, kwa hivyo nimeona tuliongee wazi.

Mbwa wa kazi si wa aina moja jamani. Kuna hawa wa kunusa, wa polisi, wa airport, na wale waliowekwa bandarini Kilindini kutafuta pembe za ndovu ndani ya makontena. Halafu kuna mbwa wa ulinzi wa kampuni za masoja, hawa wanaokodishwa kulinda magodauni ya Shimanzi na Changamwe na mahoteli ya North Coast na South Coast. Hawa wa pili ndo wanaonikosesha usingizi. Yule wa kunusa amefundishwa kwa mchezo, akipata harufu anapewa mpira wake, kwa hivyo maisha yake yote yeye anatafuta mpira tu na watu hana ubaya nao, akistaafu si kazi ngumu kumpatia kwa kukaa. Huyu wa godauni kila mgeni kwake ni adui, ndivyo alivyofunzwa, mchana yuko ndani ya banda na usiku anapakiwa kwa gari kupelekwa lindo, miaka nenda miaka rudi. Sasa huyo ukimwambia mtu "chukua tu ni wa bure" hujamfanyia hisani mtu wala hujamfanyia hisani mbwa.

Wanaoletwa kwetu wakizeeka shida zao zafanana. Nyonga, hasa hawa German Shepherd, anaamka kwa taabu na akiamka anayumba nyuma. Mgongo. Meno yameisha kwa kutafuna waya wa banda. Halafu kupe, na homa ya kupe hapa pwani hata sisemi. Na joto! Mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi, yeye anapoza mwili kwa kuhema, na mbwa anayehema kwa nguvu hawezi kunusa vizuri, sasa chukua mwezi wa pili, kaskazi imekaza, godauni ni la mabati, na mbwa ana miaka tisa. Watu wanasema "huyu amekuwa mvivu". Si uvivu, ni umri, na mwenye kumuona kila siku alitakiwa aone kabla yangu.

Bosi akishaona mbwa hafai lindo huwa kuna njia kadhaa anazichukua. Kama ni jike anageuzwa wa kuzalishwa, mimba juu ya mimba, na hilo watu wanaliona kama kustaafu kumbe ni ajira nyingine ngumu kuliko ya kwanza. Kama ni dume anauzwa ama anapeanwa kwa mtu anayetaka "mbwa mkali" wa plot, anafungwa mnyororo chini ya mwembe na hapo ndo mwisho wa habari yake. Wengine wanashushwa tu mahali, mbali na banda. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, inakataza kumtesa mnyama na kumnyima chakula, na haikusema anayelindwa ni mnyama kijana peke yake.

Tusijidanganye kwamba wenzetu wa ng'ambo walizaliwa wanajua. Marekani walipeleka mbwa kama 4,000 hivi vita vya Vietnam na waliorudi nyumbani ni kama 200, waliobaki wengi waliachwa kule ama wakauliwa, kwa sababu kwenye vitabu vya jeshi mbwa alihesabiwa kama kifaa, na kifaa kilichozidi hakilipiwi nauli. Ilichukua mpaka 2000 ndo Rais Clinton akatia sahihi sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi waliostaafu wachukuliwe na watu, wakiwemo wale waliowashika kazini. Sheria yenyewe watu huiita kwa jina la mbwa mmoja, Robby, ambaye aliyekuwa akimshika alimuomba akanyimwa. Na Robby mwenyewe haikumfaa, alikuwa ashachoka na maradhi, alidungwa sindano ya kumpumzisha afe mapema 2001. Mimi hapo ndo nasimama. Ukingoja mbwa azeeke ndo uanze kutafuta suluhisho, utalipata akiwa ashakufa.

Uingereza, polisi wa Nottinghamshire walikuja 2013 na pensheni ya mbwa, paundi 500 kwa mwaka kwa miaka mitatu baada ya kustaafu, za kulipia matibabu. Watu walicheka. Mimi naona wale walifika kwenye kiini kabla ya wengi, manake shida ya mbwa mzee haiwi mapenzi, ni hela. Hapa kwetu hendla, yule anayemshika mbwa kazini, akiambiwa "mbwa wako amestaafu, ukitaka mchukue" huwa machozi yanamtoka, wamelinda pamoja usiku wa mvua na usiku wa wezi, na hakuna mtu mbwa yule anamsikiliza kama yeye. Lakini huyo hendla analala chumba kimoja mtaa wa Bangladesh hapa Mombasa ama Kisauni na mshahara unajulikana ulivyo. Unga, dagaa, matumbo, dawa ya kupe kila mara, dawa ya maumivu ya viungo mpaka siku ya mwisho. Kampuni imemla mbwa nguvu zake zote kisha ikamkabidhi bili mtu wa mwisho kwenye daftari la mishahara, halafu yaitwa zawadi. Hapana. Akimchukua yeye ni vizuri sana, lakini chakula na matibabu vimfuate mbwa kutoka kwa aliyefaidika.

Na aliyefaidika si kampuni peke yake. Wewe mwenye hoteli, mwenye godauni, umelala usingizi miaka saba kwa sababu ya yule mbwa. Siku ya kutia sahihi mkataba uliza maswali mawili tu: huyu mbwa ana miaka mingapi, na akitoka hapa anaenda wapi. Hela kidogo ya kila mwezi iwekwe kando kwa ajili ya uzee wake, iandikwe kabisa kwenye mkataba, mbwa akiwa bado anaruka ukuta. Wallahi hutaisikia.

Sasa kuna ndugu zangu wataniambia daktari, sisi Waislamu mbwa ni najisi, usituletee mambo ya kizungu. Sawa, tuongee. Najisi ni suala la tohara, mate yake yakigusa chombo chaoshwa mara saba na moja kwa mchanga, madhehebu yetu ya Shafi iko wazi na sina la kubishana hapo. Lakini mbwa wa ulinzi na wa kuwinda ameruhusiwa, na kisa cha mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi twakijua tangu chuoni. Na kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia: Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki 1262, alipoorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye kummiliki alitaja kwamba amlishe hata akizeeka ama akiugua kiasi cha kutomfaa tena kwa lolote. Hiyo ni karne ya 13. Muulizeni shekhe wenu.

Kwa hivyo sisemi mbwa aingie sebuleni. Ile picha ya mbwa mzee amelala juu ya kochi ni ya kwao, kwetu wengi haiwezekani na si lazima. Kinachotakiwa ni uwanja wenye ukuta, kivuli, maji, banda lisilovuja na lisilo na mnyororo. Nyua za namna hiyo ziko tele, Nyali, Mtwapa, mashamba ya Kilifi huko ndani.

Wengine hawatafaa kupewa mtu. Mbwa aliyekwisha uma watu na hatulii hata kwa hendla wake, ama yuko kwenye maumivu ambayo dawa haiyashiki, hali, hasimami, huyo sindano ya daktari ni huruma na mimi mwenyewe huidunga, hendla akiwepo kama anataka. Kosa ni kudunga mbwa mzima anayekula vizuri kwa sababu banda linahitajika kwa mbwa mpya. Hiyo nishaombwa na nikakataa, na mwombaji alinuna sana.

Ukiamua kumchukua mmoja, mlete kwanza apimwe, mwili na tabia, usimkubali getini usiku. Muulize hendla maneno yote anayomwamrishia, hasa la kushambulia, mtoto asije akalitamka kwa mchezo. Wiki za mwanzo mtembeze saa zile zile alizozoea, jioni anapoanza kuhangaika mfichie mpira autafute, manake yeye hajui kama amestaafu. Watoto wasiwe naye peke yao. Asinenepe, kila kilo inayozidi inakaa juu ya zile nyonga. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kadi yake uiweke mahali hata bibi nyumbani anaijua.