Minyoo ya Watoto: Tunayoambizana Kwenye Benchi la Kliniki

Siku ya kliniki, ukikaa kwenye benchi la zahanati huku vijijini Chamwino, mkoani Dodoma, kabla jina la mwanao halijaitwa utakuwa umeshasikia dawa tano za minyoo na sababu kumi za kuipata. Nimekaa kwenye mabenchi hayo na watoto wawili. Mengi niliyoyaamini niliyaokota hapo, na baadhi yake yalinichukua miaka kuyaacha.

"Anapenda mno vitu vitamu, ndiyo maana ana minyoo."

Hili tumekua nalo wote. Miwa, pipi, ubuyu, vyote tulikatazwa kwa ajili ya minyoo. Sukari inaharibu meno, hilo ni kweli, lakini haizai mnyoo. Mnyoo hutoka kwenye yai, na yai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye minyoo. Tena ile minyoo mikubwa inayofanana na nyungunyungu haiongezeki ndani ya tumbo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, lakini mayai hayo lazima yatoke nje na yakae ardhini wiki mbili hadi nne ndipo yaweze kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kila mnyoo mkubwa ulio tumboni mwa mtoto uliingia kwa mdomo, mmoja mmoja, kutoka kwenye udongo, maji, mboga au vidole.

"Kinyesi cha mtoto mdogo hakina neno."

Hapa ndipo ninapotamani kila mama anisikilize. Cha mtu mzima tunakionea kinyaa na kukificha. Cha mtoto wa mwaka na nusu tunakifuta kwa tambara, tunakitupa nyuma ya banda la kuku, au tunamwachia mbwa. Maji ya kufulia nepi tunayamwaga uani, palepale watoto wanapochezea mchana kutwa.

Mtoto aliyeanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni anaweza kuwa na minyoo, na kinyesi chake kina mayai yaleyale yaliyomo kwenye kinyesi cha mkubwa. Ukikitupa uani leo, baada ya mwezi mayai yale yameiva, na anayeokota kitu hapo chini ni mwanao au wa jirani. Safura, ile minyoo midogo inayonyonya damu, haingoji hata huo mwezi. Mayai yake huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na ndani ya siku kama kumi viluwiluwi vyake viko tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu.

Mtu anaweza kumpa mtoto kidonge asubuhi, na jioni akarudisha minyoo kwenye ua wake mwenyewe. Mimi nimefanya hivyo, sikujua. Siku hizi tunatumia poti ya plastiki iliyopasuka ukingo, na kinachopatikana humo kinaenda chooni pamoja na maji ya nepi. Usipokuwa na poti, kopo pana linatosha. Choo kikiwa mbali, chimba shimo ufukie. Kisha osha mikono yako na makalio ya mtoto kwa sabuni. Najua maji tunanunua kwa dumu, lakini kikombe kimoja cha maji kwa kazi hii tusikibane.

"Dodoma ni kukame, minyoo ni ya watu wa pwani."

Kuna ukweli kidogo humu. Mayai na viluwiluwi hupenda unyevu na kivuli, na jua kali huviua. Lakini mvua zetu za Desemba hadi Aprili zinatosha kulowesha ua, na hata kiangazi kuna pale bombani maji yanapomwagika, nyuma ya bafu la matete, chini ya mwembe, na kwenye matuta ya mchicha yanayomwagiliwa. Watoto hawakai juani, wanacheza hapohapo penye ubaridi.

"Nilimpa dawa, sikuona mnyoo ukitoka. Dawa feki."

Bibi zetu walipima dawa kwa kuharisha. Albendazoli na mebendazoli, dawa za minyoo tunazopewa siku hizi, hazifanyi kazi hivyo. Humnyima mnyoo sukari anayoishi kwayo, akafa taratibu kwa siku kadhaa, na mara nyingi husagika kabla ya kutoka. Kutoona kitu hakumaanishi kwamba dawa imeshindwa. Mtoto akilalamika tumbo au kichefuchefu kwa siku moja, ni kawaida na hupita.

"Vile vidonge vya bure vinaharibu kizazi."

Haviharibu. Ni dawa zilezile unazouziwa kwenye duka la dawa muhimu. Huku kwetu hutolewa Juni na Desemba pamoja na matone ya vitamini A. Matone ni ya miezi 6 hadi 59, na dawa ya minyoo huanza mtoto akitimiza miezi 12. Albendazoli ni miligramu 200, yaani nusu kidonge, mpaka atimize miaka miwili, kisha 400. Mebendazoli ni miligramu 500 tangu mwaka mmoja. Kidonge kiponde kati ya vijiko viwili, ukichanganye na maji. Tafadhali usimbane pua mtoto anayelia ili ameze, watoto wamepaliwa kwa namna hiyo.

"Huo ni mchango, kazaliwa nao."

Mtoto hazaliwi na mchango, yaani minyoo ya tumbo hii tunayoizungumzia. Kichanga anayejikunja na kulia jioni mara nyingi ana gesi, na mizizi iliyochemshwa isiyo na kipimo inaweza kumdhuru. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake.

"Anasaga meno usiku, tumbo limejaa, ni minyoo tu."

Kusaga meno si dalili ya minyoo. Kujikuna makalio usiku ndiyo dalili, ya vile vinyoo vidogo vyeupe kama nyuzi. Hivyo huhama kwa kucha na mashuka, kwa hiyo nyumba nzima hutibiwa pamoja, na dozi hurudiwa baada ya wiki mbili. Tumbo kubwa lenye mikono myembamba linaweza kuwa utapiamlo, mwombe mhudumu ampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Na ukikuta viganja vyake vimepauka, anachoka upesi na anatafuna udongo, mpeleke zahanati siku hiyohiyo akapimwe wingi wa damu. Kidonge kitaua safura, lakini damu iliyokwisha kunyonywa hairudishwi nacho. Hapo atahitaji na dawa ya madini ya chuma.